Nilishuhudia kanisani kwamba mbegu zimeniponya, kumbe nilikuwa nalishwa samaki

Admin, jina langu libaki kwako. Watu wa kanisa letu wanasoma ukurasa huu, na najua wengine wakifika katikati watanitambua. Sawa tu. Nimechoka kubeba peke yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mkenya, na huu ni mwaka wangu wa saba Kampala. Naishi Kisugu na mume wangu, askari polisi kutoka Gulu. Nafundisha michezo shule moja ya msingi upande wa Mengo. Maisha yangu yote sikuwahi kula nyama wala samaki. Mama alitulea hivyo kwa imani, na siku anakufa nilimshika mkono nikamwahidi kwamba sitaiacha njia yake. Mume wangu alinioa akijua. Yeye hula nyama yake, mimi maharage yangu, na hatukuwahi kugombana juu ya sahani.

Mwaka jana nilianza kuwashwa mwili mzima. Midomo inavimba, tumbo linakata, naamka na mabaka kama nimechapwa fimbo. Daktari akanituma kwa mama wa lishe. Huyo akaniambia kwa wiki sita niache maziwa, mayai, ngano, soya, karanga na jamii yote ya maharage, hata dengu. Baadaye turudishe kimoja kimoja tujue kinachonidhuru. Nikamuuliza, "Sasa protini nitatoa wapi, na kazi yangu ni kukimbia?" Akauliza kama nakula samaki. Nikasema sili. Akaandika simsim, mbegu za maboga, wimbi na dodo, mchicha wa huku, kisha akaniangalia. "Nyabo, hii ni kidogo kwa mtu wa mazoezi. Punguza kukimbia, na urudi kila wiki nikupime."

Sikupunguza, na kwa wiki hizo zote sikurudi. Timu yangu ya netiboli ilikuwa inajiandaa kwa mashindano.

Wiki ya tatu nilikuwa napanda ngazi za shule nikishika ukuta. Siku moja napuliza filimbi, nikaona uwanja unageuka. Nilipozinduka, wasichana wangu walikuwa wananililia, "Ticha amekufa!" Mume wangu alikuja na yunifomu yake, akaninyanyua kama mtoto. Tulipofika nyumbani akapiga magoti, mwanaume mzima. "Kula samaki kidogo tu. Mungu anaona wewe ni mgonjwa." Nikamjibu, "Bora nife nikiwa safi."

Kuanzia kesho yake akawa ananipikia uji yeye mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Uji wa wimbi na ukwaju, wa kwao, mkali kidogo na simsim juu yake. Nikaona ni mapenzi. Polepole nguvu zikarudi, mabaka yakaisha, nikakimbia tena. Wiki sita zilipokwisha tukarudisha vyakula, na ikajulikana adui yangu alikuwa maziwa. Sabato iliyofuata nikasimama mbele ya kanisa nikasema, "Waliniambia nitakufa bila nyama. Mungu amenilisha kwa mbegu!" Watu walilia.

Kati ya waliolia alikuwa dada mmoja, nitamwita Rebeka. Anauza nguo Old Kampala na ana mtoto mchanga, bado ananyonya. Naye alikuwa na mabaka, naye hali nyama. Akaniomba orodha yangu. Nilimwandikia kwa mkono wangu. Hakwenda kwa daktari yeyote, alianza tu. Wiki sita zikapita na hakuacha, kwa sababu mabaka hayakuisha. Akakonda, maziwa yakakauka, na mtoto akaacha kuongezeka uzito. Sasa mama na mtoto wote wamelazwa.

Wiki iliyopita nikasema nimpikie ule uji ulioniokoa. Natafuta ukwaju kabatini, nikakuta kopo la unga wa kijivu. Nikamwonyesha jirani yangu. Akanusa akacheka: "Banange, si mukene huu! Wale samaki wadogo, wanasagwa. Sisi tunawawekea watoto kwenye uji."

Jioni nikaliweka kopo mezani mbele ya mume wangu. Hakukana.

"Ni mimi. Tangu siku ile uliyoanguka."

"Ulinidanganya kila asubuhi!"

"Ndiyo. Kwa hii kazi yangu nimebeba maiti nyingi. Yako sikutaka kubeba. Wewe nichukie, lakini uwe hai."

Nilitapika, nikalia. Nikaona nimemvunjia mama ahadi bila hata kujua. Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Nilimkumbuka Rebeka. Mimi sikupona kwa mbegu zile pekee, na yeye ndizo nilizompa.

Nimeenda wodini mara mbili. Nilimwambia, "Dada, acha hiyo orodha, kula maharage, kula mayai, sikiliza daktari." Akanishika mkono, mkono wake mwepesi kabisa, akasema, "Usinijaribu, dada. Wewe ulivuka, na mimi nitavuka." Nje mume wake alinizuia mlangoni. "Madaktari wanamwambia ale, yeye anataja jina lako. Mwambie kitu atakachosikia."

Kitu hicho nakijua. Lakini mume wangu ananisihi, anasema nikifungua mdomo kanisa litamwita mchawi wa chakula na mimi wataniita mwongo. Nikiwa kando ya kitanda cha Rebeka naanza kumwambia, halafu nasema "pole" naondoka. Jana mtoto aliwekewa mpira puani wa kumlishia.

Ndugu zangu, msiniambie niombe, nimeomba. Huyu mume sijui nimshukuru au nimwache, hilo linaweza kungoja. Rebeka hawezi kungoja. Kesho saa nne wanafungulia wageni. Nipeni ushauri wenu, nikishakaa kando ya kitanda chake, nianze na neno gani?