Kilimia cha Bibi

Bibi yangu huniita mume wake. Kwetu huo ni utani wa kawaida kati ya bibi na mjukuu wa kiume, lakini mimi ni mtu wa haya. Akiniita hivyo mbele ya watu natamani nijifiche nyuma ya mlango. Akiliona hilo, ndipo anazidisha.

Alipopata mtoto wa jicho, macho yote mawili, shangazi alitaka kumpeleka hospitali akatibiwe. Bibi alikataa. Alisema angali anakiona Kilimia, zile nyota ndogo zilizobanana ambazo wakulima wa zamani walizitazama kujua msimu. Mtu anayeona Kilimia, alisema, hana shida ya macho.

"Kiko wapi, mama?" shangazi akauliza. Yeye na mimi nyota hatuzijui.

Ulikuwa usiku, tumekaa uani. Bibi akanyoosha kidole juu. "Pale."

Hapo nikafanya kosa la kusema kwamba simu yangu ina programu ya nyota. Unaielekeza angani, inakuandikia majina.

"Basi simu ya mume wangu ituamue," akasema Bibi. "Ikinikana, kesho nakwenda hospitali."

Nikaielekeza pale alipoonyesha. Kwenye simu hapakuwa na Kilimia. Nikaufuata mshale wa kutafutia, ukanishusha, ukanishusha tena, mpaka nikajikuta nimeinama mbele ya banda la kuku.

"Kumbe Kilimia kimelala na kuku!" Bibi alicheka akashika mbavu. "Shangazi yako aipeleke simu hospitali, aniache mimi."

Shangazi aliondoka amenuna.

Kesho yake nilikaa na ile simu tangu asubuhi. Kwenye mipangilio niligundua kwamba siku ya kwanza niliinyima programu ruhusa ya kujua mahali nilipo, kwa kuogopa tu. Basi ikaniweka katika mji fulani wa Ulaya ambao sijawahi kuusikia. Nikairuhusu, jina la Bagamoyo likatokea. Ikabaki dira. Nilisimama nikaelekea kibla, ambacho kwetu ni upande wa kaskazini, nikaitazama simu. Ikaniambia hiyo ni magharibi. Nikasogea mbali na mabati, ikashikilia neno lake. Mwishowe nikavua kava, lile la kukunja linalojifunga kwa sumaku, na dira ikaanza kutikisika. Programu ikanitaka niizungushe simu hewani kama ninayechora namba nane.

Bibi aliona kivuli cha mkono wangu kikienda na kurudi. "Mume wangu, unafukiza ua? Mbona sisikii ubani?"

"Natengeneza dira, Bibi."

"Itengeneze vizuri. Usije ukaenda kuposa, ukaingia nyumba ya jirani."

Baada ya isha tulikaa uani wawili tu, tukimsubiri shangazi, niliyemwomba arudi tujaribu tena. Bibi akaelekea kibla, akanyoosha kidole juu, upande wa mkono wake wa kulia. Nikainua simu. Kilimia kilikuwa pale pale, kwenye ncha ya kidole chake. Nilifurahi, kwa ajili ya simu na kwa ajili yake.

"Leo kinang'aa," akasema. "Nazihesabu, ziko sita."

Nikashusha simu ili nami nizione. Upande ule wote ulikuwa wingu zito, kutoka baharini mpaka juu ya paa la msikiti. Hapakuwa na nyota hata moja.

Shangazi akifika ningeweza kumwambia simu imekubali, na nisingekuwa nimesema uongo. Bibi angebaki na ushindi wake, na macho yake yangebaki vilevile.

"Bibi," nikasema, "kuna wingu."

Kidole kilibaki juu. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu tuliposali magharibi."

Akakishusha polepole, akakifuta kwenye kanga kama kimeshika masizi. "Lakini mahali pake, nimekosea?"

"Hujakosea hata kidogo."

"Aa." Akanisukuma bega. "Mume gani huyu, anamchongea mkewe!"

Nje tulisikia shangazi akibisha hodi.

"Mwache aingie," akasema Bibi. "Wewe nenda ndani ukanichagulie kanga ya kuvaa kesho, ambayo haijachanika. Mimi siku hizi zote naziona rangi moja."