Magamba ya Nikeli

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazamia mwanangu baiskeli kuukuu. Nilipofuta vumbi kwenye usukani, kidole changu kiligusa mahali palipovimba kama lengelenge. Nilipakwaruza kwa ukucha, gamba jembamba jeupe likabanduka, na chini yake ukatokea wekundu wa shaba. Muuzaji alidhani natafuta kasoro ili anipunguzie bei. Kumbe nilikuwa nimesimama tu kwa sababu harufu ya zizi la nyumbani ilikuwa imenijia puani pale pale dukani.

Harufu hiyo, rafiki yangu, huenda huijui kama hukukulia kwetu, upande wa Geita, katika ile miaka ya thelathini vilima vilipoanza kuchimbwa dhahabu. Mji wetu, yaani boma la ukoo wetu, ulizungukwa na uzio wa minyaa, nyumba ya bibi ikiwa kulia na zizi katikati. Asubuhi tuliamshwa na mlio wa mawe kutoka kambi ya wachimbaji, wanawake wakiponda miamba. Tulikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, tukashushia kwa maziwa mgando. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa au kumi, na kabla ya kula nilikuwa na kazi yangu: kukinga mkojo wa ng'ombe.

Usicheke. Unasimama nyuma ya ng'ombe na kata yako, unamsugua taratibu chini ya mkia, unasubiri. Bibi aliumimina kwenye chungu kilichovunjika mdomo na kuuacha siku nne au tano, mpaka ukawa mkali wa kutoa machozi. Kwa huo aliosha vibuyu vya maziwa, kisha akavifukiza kwa makaa. Bibi hakuamini maji. Alisema maji yanaondoa uchafu wa mbele za watu tu. Na kwa kweli maziwa ya vibuyu vyake yalikaa siku nyingi bila kuharibika, na ladha yake ya moshi sijaipata tena mahali popote.

Baba alikuwa boi wa mzungu mmoja mwenye shimo dogo, nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Alimfulia, alimpikia, alimtandikia. Mzungu huyo alikuwa na bastola ya risasi sita, nyeupe na yenye kung'aa kama kijiko kipya. Bunduki za askari tulizoziona zilikuwa nyeusi na zilidai mafuta kila siku, la sivyo zilipata kutu. Hii, baba alitusimulia, ilikuwa imevikwa kitu ambacho jasho halikiwezi, mvua haikiwezi. Mzungu aliisifia kila alipoifuta. Baba naye akaisifia kwetu, kwa fahari, kana kwamba na yeye ana sehemu yake.

Masika ya mwaka ule mzungu alishikwa na homa kali. Walimbeba kwa machela hadi kwenye lori, wakamkimbiza Mwanza akiwa hajitambui. Siku ya tatu, baba alipogeuza godoro ili alianike, akaikuta bastola chini yake. Paa lilikuwa limevuja. Godoro lilikuwa limelowa, na bastola ilikuwa imelala majini, mdomo wake mweusi kwa masizi ya baruti, na karibu na kifyatulio, mahali weupe ulipolika kwa kushikwa, palikuwa na madoa mawili ya kutu.

Fikiria hali yake. Kumpelekea mwenyewe Mwanza hakukuwezekana, kwani mtu mweusi kukutwa njiani na bastola ilikuwa kesi tayari. Kumkabidhi mnyapara wa wachimbaji ilikuwa sawa na kuitupa. Kuiacha chini ya paa linalovuja ilikuwa kuiozesha. Akaizungusha ndani ya shati lake na kuileta nyumbani.

"Mafuta yake maalumu kaondoka nayo kwenye mkoba," alimwambia bibi. "Nitafanyaje, mama?"

Bibi aliitazama kama anavyotazama kibuyu alicholetewa na mkwe mvivu. "Ng'wanone, mwanangu, na hiki ndicho cha kukukosesha usingizi? Haya si masizi tu? " Akanigeukia mimi. "Shija, niletee kile chungu."

Waliilaza bastola chunguni tangu ng'ombe walipotoka hadi waliporudi. Ilipotolewa masizi yalikuwa yamekwisha, na baada ya kusuguliwa kwa kitambaa iling'aa kuliko mwanzo. Baba alicheka kwa sauti. Bibi akamwambia, "Umeona? Mzungu akirudi mwambie akulipe, na mimi anilipe." Kwa kuwa madoa ya kutu hayakutoka yote, waliirudisha chunguni mara ya pili, na ya tatu. Kila asubuhi nilikinga kwa bidii. Nilijua kwamba kazi yangu safari hii si ya vibuyu tu.

Leo naweza kueleza kilichotokea, maana nilikuja kukisoma peke yangu, polepole, na kamusi pembeni. Ule weupe ulikuwa nikeli. Mara nyingi, ili nikeli ishike vizuri juu ya chuma, fundi hutanguliza utando wa shaba. Mkojo ukikaa hutoa amonia. Amonia hupenya kwenye vitundu ambavyo jicho halivioni, ikaila shaba iliyo chini. Nikeli yenyewe hubaki nzima, ila haina tena pa kushika.

Sisi tuliona lengelenge tu. La kwanza lilitokea kwenye mtutu, dogo kama punje ya mtama. Baba alilibonyeza kwa kidole gumba, kwa upole, akitaka lirudi. Likapasuka. Baada ya siku mbili magamba yalikuwa yanabanduka yenyewe, na palipobanduka, chuma kilianza kushika kutu kabla ya jioni. Baba aliacha kula. Alitandika kipande cha kanga kuukuu, akawa anaokota kila gamba, hata lililo dogo kama la dagaa, na kulihifadhi humo. Alisema mwenye mali lazima aone kwamba hakuna kilichopotea.

Wiki hiyo akapita fundi kutoka Shinyanga mjini, mtu wa kanzu na kofia, mwenye asili ya pwani, aliyezungukia kambi akitengeneza baiskeli na kutia bati masufuria. Baba alimwingiza ndani, akalifunua lile shati lenye bastola.

"Funika!" alisema fundi. "Baba Shija, funika kwanza, ndipo tusalimiane."

"Fundi, nakuomba utazame tu."

Akatazama, mikono yake ameikunja nyuma kabisa. "Hii si rangi, wala si bati. Hii inaitwa nikeli, kama ya usukani wa baiskeli. Chuma kinalazwa kwenye dawa, kinapitishwa umeme, weupe unakuja wenyewe na kukishika. Nairobi labda wanaweza. Hapa, hata wakikupa mwaka mzima, huwezi."

"Kwani wewe hutii bati? Bati nalo ni jeupe."

"Bati linataka moto, ndugu yangu. Nikiipasha moto hiyo, haitalia tena; mwenyewe akirudi ataikorogea chai." Akacheka, kisha akaona baba hacheki. "Nisikilize. Nina wake wawili, na wote wanakula. Mimi sikupita hapa. Sikuona kitu. Ila nakuombea kwa Mungu, na mtu wako akirudi mweleze ukweli."

"Ukweli ninao," baba alijibu. "Wa kuusadiki ndiye sina."

Tangu siku ile hapakuwa na la kufanya ila kusubiri. Baba aliipaka samli asubuhi na jioni, na kila alipoipaka, kitambaa kilitoka na magamba mengine. Bibi alikuwa akipita mlangoni, anasimama, anataka kusema kitu, kisha anakwenda zake. Mimi niliendelea kukinga, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache.

Mzungu alirudi mvua zikiwa zinakatika, amekonda, anatembelea fimbo. Baba hakungoja kuitwa. Alikwenda kambini na bastola ndani ya shati na lile furushi la kanga, na mimi nikamfuata nyuma nikiwa nimebeba maziwa ya kumpelekea mgonjwa. Wachimbaji walikuwa wamejipanga kuhesabiwa. Baba alipiga goti, akavitoa vitu vyote viwili kwa mikono miwili.

Mnyapara ndiye aliyelidaka furushi. Ukitaka kuelewa, lazima ujue kwamba pale kambini wezi wa dhahabu walificha vumbi lao hivyo hivyo, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo. Alipolifungua, magamba yakang'aa juani.

"Fedha, bwana!" alipaza sauti. "Amekwangua fedha!"

Wachimbaji walinung'unika. Mmoja akasema nyuma, "Baba Shija bwana! Sisi tunavunja mawe, kumbe yeye anachimba bastola." Wakacheka.

Baba akaeleza kila kitu kwa Kisukuma, tangu godoro hadi chungu, ili mnyapara amfasirie. Mnyapara alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Unataka nimwambie bwana kwamba bastola yake umeiogesha mkojo? Atatuchapa wote wawili. Nyamaza."

Basi baba akageukia Kiswahili chake kidogo, akamtazama mzungu usoni. "Si fedha, bwana. Ni nikeli."

Mzungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai, bastola mapajani. Mpaka hapo alionekana mchovu zaidi kuliko mwenye hasira. Neno lile likamwamsha.

"Nani nasema wewe nikeli?"

Baba aliinamisha kichwa.

"Wewe onyesha mtu bastola yangu. Nani? Wewe taka uza?"

Baba angetamka neno moja tu, fundi, na lawama ingehamia kwenye kichwa kingine. Aliendelea kupiga goti, kimya. Nilikuwa nimesimama na kibuyu changu, namjua fundi, nakijua chungu, namjua hata ng'ombe, na hapakuwa na mtu ambaye angeniuliza. Wakamfunga mikono kwa kamba ya machela.

Alihukumiwa kama mwizi, akafungwa jela. Aliondoka mtama ukiwa umechanua, akarudi tukiwa tumekwisha upura na kupanda mwingine. Bibi hakumwahi; alikufa kabla hajarudi. Baada ya hapo baba alilima tu, na hakukubali tena kutunza kitu cha mtu. Jirani akimwomba amshikie jembe mpaka kesho, alilirudisha jioni ile ile, hata kama ilimpasa kutembea na mvua.

Miaka ikapita. Kambi ile sasa ni mashimo yaliyoota nyasi. Vibuyu vimepisha ndoo za bati, na wanangu wanakunja pua nikiwasimulia jinsi vilivyooshwa. Mimi sikupita darasa la pili, lakini nilinunua vitabu vichakavu, kimoja kimoja, na siku nilipokutana na ukurasa unaoeleza nikeli, shaba na amonia niliusoma tena na tena. Nilisafiri siku nzima kumpelekea baba, ambaye alikuwa mzee na macho yake yameanza kufifia. Nilidhani nampelekea faraja. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba lilikuwa jambo la dawa na metali, kwamba hakuna aliyeiba na hakuna aliyeroga.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa ningeisafisha kwa nini?"

"Kwa maji na sabuni tu, baba. Halafu uikaushe, uipake mafuta."

"Sabuni ilikuwapo," alisema. "Mche mzima, juu ya sanduku lake. Nilisema hiyo ni mali ya mtu."

Mzungu alikwisha rudi kwao, mnyapara alikwisha kufa, na jumba alimohukumiwa lilikuwa halina hata paa. Duniani kote hapakuwa na mtu wa kupelekewa maelezo yangu ila huyu mmoja aliyeketi mbele yangu, naye nilikuwa nimempa kosa ambalo miaka yote ile hakujua kwamba alilitenda.