Mpimaji wa herufi za nyumba Cwmdulas: "Hata mimi sielewi"

Saa tatu asubuhi, Meinir Bowcott amepiga magoti nyuma ya kochi, tochi mkononi, akichungulia ukuta wa watu. Jasho linamtiririka. Nje ni Februari na mvua ya bondeni inapiga vioo, lakini ndani ya nyumba namba 14, mtaa wa Fedwen, kuna joto la tanuri.

"Bi Tegwen, umewasha boila tangu lini?"

"Tangu jana mchana, mwanangu. Nimesema mpimaji asije akanikuta na baridi."

"Mama, mimi sipimi joto. Napima nyumba."

"Makubwa! Sasa nyumba na joto vinaachanaje?"

Meinir anacheka tu. Hapa Cwmdulas, kijiji cha bondeni, karibu kila mlango humpokea hivyo, kwa moto mkali na vikate vya zabibu kavu, kana kwamba cheti cha nishati hutolewa kwa ukarimu. Mgeni njoo, mwenyeji apate herufi.

Meinir ana miaka 53. Alikuwa mhudumu wa maktaba mpaka ilipofungwa, na huu ni mwaka wake wa saba wa kuzipa nyumba herufi, kuanzia A kwa nyumba inayotumia nishati kidogo mpaka G kwa inayoimeza. Kila nyumba humpa pauni 45, na mafuta ya gari ni juu yake.

Mtaa huu una nyumba 24, zote za mawe ya machimbo mamoja, zilizojengwa mwaka mmoja. Namba 12 ina D. Namba 16 ina E. Hii ya katikati, kwa cheti cha zamani, ina F.

"Watu wananisimamisha dukani kuniuliza kwa nini," anasema. "Nami najiuliza hivyo hivyo."

Safari hii si swali la dukani. Tegwen Harries, mjane wa miaka 81, magoti yamegoma kupanda ngazi na anahamia kwa binti yake. Amempata muuguzi wa kupanga nyumba yake, lakini nyumba yenye F hairuhusiwi kupangishwa. Muuguzi anasubiri mpaka Ijumaa. Bila mpangaji, Tegwen atalazimika kuiuza nyumba aliyoletwa akiwa bibi harusi.

Pointi zinazohitajika kufikia E, herufi ya chini inayoruhusiwa, ni 39. Meinir anaingiza vipimo kwenye kishikwambi chake. Zinatoka 34.

"Na ukuta wa Idwal umeuhesabu?" anauliza mjane.

Idwal, marehemu mumewe, aliuvalisha ukuta wa mbele manyoya ya kondoo kwa ndani, akafunika kwa mbao za jipsamu. Meinir anajua. Alikulia nyumba ya ng'ambo ya barabara, na aliyaona kwa macho yake magunia ya manyoya yakishushwa kwenye basi kutoka shambani kwa kaka wa Idwal. Lakini programu haihesabu kisicho na risiti wala kisichoonekana.

"Kumbukumbu zangu hazina kitufe," anasema.

"Kwa hiyo Idwal si ushahidi?"

"Mpaka nimwone, mama. Nami siruhusiwi kutoboa nyumba ya mtu."

Tegwen anaitazama karatasi ya ukutani yenye ndege wa buluu, aliyoibandika Idwal wiki moja kabla ya kulazwa asirudi. Kisha anapiga moyo konde, anaenda jikoni na kurudi na kisu cha mkate. Anakata mwenyewe, pembeni ya dirisha, pumzi zikimpaa.

Manyoya yanachomoza, ya kijivu, bado yananuka kondoo. Mjane anayasogeza puani na kubaki hivyo. Meinir anapiga picha, rula ikiwa kando. Anakiri kwamba alilia, na kwamba picha ya kwanza ilitoka na ukungu.

Anaingiza ukuta. Pointi 38.

"Kiangazi kizima cha kazi ya mume wangu ni pointi nne?"

"Ndivyo inavyosema."

"Inamjua Idwal, hiyo?"

Meinir anaanza upya, chumba hadi chumba. Jikoni anainua macho: balbu mbili za zamani, zile za kuunguza vidole. Tegwen anamkabidhi noti, naye anakimbilia duka la kona kwenye mvua hiyo hiyo bila koti. Balbu mpya zinafungwa. Pointi 39. Herufi E.

Muuguzi atahamia. Nyumba haiuzwi. Meinir alitegemea shangwe, lakini Tegwen alikuwa amekaa kitako, akihesabu kwa vidole.

"Balbu mbili, pointi moja. Idwal, pointi nne," alisema. "Kwa hiyo mume wangu ni balbu nane?"

"Nilimwambia hapana," Meinir anasimulia. "Akaniuliza, basi ni nini? Nikafungua kishikwambi tena, kikanipa herufi tu."

Septemba anaanza masomo ya jioni ya hesabu katika chuo cha mji wa jirani. Ameshalipa ada, na mumewe anamtania kwamba atakaa dawati moja na wajukuu.

"Acha wacheke," anasema. "Herufi najua kuitoa. Nataka kabla sijastaafu, mtu mmoja aniulize kwa nini, nami nimjibu."