Kengele Iliyolia Yenyewe

Mtaa mzima ulimwita Mama Swichi, maana hakukuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuingia na ngazi yake kutengeneza umeme. Ya kwake tu ndiyo ilikuwa na kengele mbovu ya mlangoni. Ililia ovyo, na mumewe, fundi cherehani mwenye hasira za karibu, alikuwa akitoka mbio kuwafokea watoto wa jirani akidhani wameibonyeza, kumbe, maskini, walikuwa wamekaa zao wanacheza.

Kisha saratani ya titi, ambayo Mama Swichi alidhani wameshaachana, ikarudi, safari hii kwenye nyonga. Mume akambana: vidonge vya kupunguza homoni, alivyopewa ili saratani isirudi, alikuwa anavimeza kweli, au anavitupa? Mama Swichi aliapa hajaruka hata kimoja. Mume hakusadiki, akawa anamsimamia kila asubuhi mpaka ameze. Jamani, hilo lilimuuma kuliko nyonga.

Daktari ndiye aliyekata mzizi wa fitina. Aliwaeleza kwamba seli za saratani ile zina vipokezi vya homoni. Homoni ikifika, kipokezi huiamuru seli ikue. Vidonge vilifanya kazi yake, homoni ikapungua. Lakini vipokezi vyenyewe vilikuwa vimebadilika, sasa vinatoa amri bila kusubiri homoni.

Mama Swichi akaangua kicheko hadi daktari akashtuka.

"Baba watoto," alisema, "ni kengele yetu hiyo. Hakuna anayebonyeza. Kitufe chenyewe kimenasa."

Mume alinywea. "Nilikuonea, mke wangu," alisema palepale, na jioni akaenda kuwaomba radhi wale watoto pia, mfuko wa pipi mkononi.

Dawa ikabadilishwa, zikaja sindano za kuvivunja vipokezi vyenyewe. Mama Swichi alikuwa na hofu moja, kwamba hatapanda ngazi tena, na bila ngazi hakujua yeye ni nani. Picha mpya zilipotoka, madoa ya nyonga yalikuwa yamesinyaa, na daktari akamruhusu kurudi kazini taratibu. Mke na mume walicheka na kulia kwa pamoja pale kwenye ukumbi wa hospitali, watu wakiwakodolea macho.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Mume alishika ngazi kwa mikono miwili, naye akapanda, akaing'oa kengele na waya zake zote. Aliposhuka, mume akatoka nje na kuufunga mlango.

"Hodi," alisema kwa upole. "Leo kuna mtu kweli."

"Karibu," alijibu Mama Swichi, glavu za kazi zingali mikononi.