Mlango wa Msonge

Mama Dativa, mkulima wa migomba hapa Maruku, ndiye aliyesimamia kikundi chetu kujenga msonge, nyumba ya nyasi ya wazee wetu, ili wageni waje na kijiji kifaidike. Fundi wa mjini alitaka mlango mrefu. Mama Dativa akakataa katakata: “Kwetu mgeni huinama kwanza, ndipo anakaribishwa.” Nilimwita mkaidi, mbele za watu.

Siku ya ufunguzi alikuja mheshimiwa mmoja aliyezoea kuinamiwa yeye. Akainama mpaka kofia ikamdondoka. Ndani akainua macho: duara za matete zilipanda, moja juu ya nyingine, zikizidi kuwa ndogo, mpaka zikakutana kileleni. Tukainua macho sote, hata mimi niliyemwita Mama Dativa mkaidi. Kofia ilibaki mlangoni, hakuna aliyeikumbuka, hata mwenyewe.