Mkanda Mfupi wa Gari la Wagonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja mjini Lodwar, mkuu wa gereji hakunipa spana. Alinipeleka kwenye gari kuukuu lililofunguliwa boneti, akanionyesha paipu mbili zinazotoka kwenye kompresa, yaani ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza hewa.

"Akai," akasema, "humu gesi imeshindiliwa. Ukilegeza nati kabla ya kuitoa, itakuunguza kwa baridi, na ikikupata machoni utapofuka. Kwanza gesi iingie kwenye mtungi, ndipo mkono wako uingie."

Nilikuwa mwanamke pekee pale. Mkuu hakulitaja hilo hata mara moja. Alinipa kazi za AC kwa sababu aliona kazi ya polepole hainichoshi. Hewa ya moto ikitoka, hatukukimbilia kuongeza gesi. Tuliwasha injini na kutazama uso wa kompresa. Klachi yake ikishika, husikika mlio mdogo na sahani ya mbele huanza kuzunguka. Isiposhika, tulianza na fyuzi na nyaya. Ikishika na hewa ikabaki moto, tulitafuta vumbi lililolowa mafuta kwenye maungio, maana gesi ikivuja hutoka na mafuta yake. Magari yaliyorudi kutoka Lokori yalikuwa na mchanga hadi ndani ya kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele kabisa.

Baadaye nilihamishiwa Kakuma, kutunza magari ya kituo kimoja cha afya. Msimamizi wa usafiri pale alikuwa mtu wa sheria, mpole lakini mgumu.

Mchana mmoja muuguzi aliagiza gari limpeleke Lodwar mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, na upasuaji haukuwezekana kwetu siku hiyo. Gari la wagonjwa lilipowashwa, likatoa moshi wa mpira ulioungua. Dereva wetu, Mkongo aliyeitwa Bahati, akalizima na kunikimbilia.

"Mama, ile mukaba inakaribia kukatika."

Alimaanisha mkanda wa injini. Kompresa ilikuwa imeganda. Beringi ya puli yake, lile gurudumu linalovutwa na mkanda, ilikuwa imekwama, haizunguki. Katika gari lile mkanda mmoja ulizungusha kompresa, alternata inayochaji betri na pampu ya maji ya kupoza injini, kwa hiyo ubovu wa AC ungeua injini nzima. Gari lingine lilikuwa limekwenda mbali, upande wa Nariokotome.

"Nairuka hiyo kompresa," nikamwambia msimamizi. "Natafuta mkanda mfupi, upite pampu na alternata peke yake. Kompresa ikae hapo ilipo na gesi yake, sifungui paipu."

"Gari ya wagonjwa haiendi bila AC," akasema. "Hiyo ni amri, Mama. Na hii joto?"

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. "Joto nitapambana nalo," akasema. "Hapa sina la kufanya tena."

Msimamizi akamtazama bibi mmoja, mama yake mgonjwa, aliyekuwa akimpepea bintiye kwa kanga. Kisha akaniuliza, "Itafika?"

"Sijui. Nitakwenda nao."

"Funga basi. Nikiulizwa, nitajibu mimi."

Nilizungushia puli zilizobaki kamba ya katani, nikaipima, nikaenda nayo kwa Msomali muuza spea hapo sokoni. Alinitolea mikanda yake yote. Mmoja ulilingana kwa urefu, na ulipoingia kwenye mfereji wa puli ukakaa vizuri. Nikaukaza kwa kuivuta alternata nje.

Tuliondoka madirisha yakiwa wazi, mashuka yakiwa yamelowa maji. Nilimsimamisha Bahati mara kwa mara, nashuka, nainama chini ya boneti kugusa mkanda kama umelegea. Nilisikia yule binti akilia nyuma. Mara moja niliukaza tena. Mshale wa kipimo cha joto la injini ulipanda, ukasimama, ukashuka.

Hospitalini walimpasua jioni ile. Mtoto alikuwa wa kike, na alilia.

Yule bibi alinikuta nje. "Ejok," akanisalimia. "Wewe ndiye ulikuwa unashuka kuinama na kumwomba Mungu?"

Nikamweleza habari ya mkanda. Akasikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono wenye grisi, hakuuachia upesi.

Sasa nimestaafu, naishi Lodwar. Mafundi vijana huniletea magari ya zamani wakiuliza kama waing'oe AC au waitengeneze. Nami huwauliza kwanza gari linambeba nani. Juzi mchuuzi wa mbuzi alitaka yake itengenezwe. Nikamshauri aitoe, gesi iingizwe mtungini kwanza, aipunguzie injini mzigo. Nyuma yake alikuja mwalimu ambaye mkewe ni mgonjwa wa moyo. Hiyo niliwaambia waitengeneze, hata kama itawachukua wiki nzima, nikavuta kiti nikakaa nao.