Kilio cha Keshia

Mtaani kwetu wanamwita shangazi yangu Keshia, ingawa hajawahi kufanya kazi benki hata siku moja. Kazi yake ni saluni. Anaosha nywele, anasuka, anagombana na wateja wanaochelewa kufika halafu wanataka kutoka mapema. Jina hilo alilipata kwenye filamu, akiwa bado msichana.

Filamu yenyewe ilihusu kampuni ya kuweka akiba ambayo mkurugenzi wake alikomba pesa za watu akatokomea. Shangazi alikuwa keshia aliyeachwa dirishani, hajui hili wala lile, na nje umati umefurika, kila mtu anataka chake. Mwishoni anafungua mdomo awaambie hakuna kitu, sauti inagoma, uso unavunjika, analia kama mtoto. Magazeti yaliusifu uso ule mpaka basi. Akapewa tuzo. Baada ya hapo hakuigiza tena, na ukimuuliza kwa nini, anakwambia uinamishe kichwa maji yasikuingie masikioni.

Mwaka huu kituo kimoja cha televisheni kiliandaa onyesho la kuikumbuka filamu ile, wakamwalika yeye na mwongozaji wake. Alikataa katakata. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, ndiye aliyembembeleza.

"Dada, nenda tu. Watu bado wanakupenda."

"Wanaupenda ule uso," akajibu. Lakini alikwenda, na mimi nikamsindikiza.

Filamu ilipofika kwenye kile kilio, shangazi hakutazama. Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake. Taa zikawaka, wakaitwa jukwaani wote wawili. Mwongozaji ni mzee sasa, mcheshi, mtu anayejua kuuweka ukumbi kiganjani. Mtangazaji akamuuliza machozi yale aliyapataje kwa binti ambaye hakuwa na uzoefu.

"Leo acha nitoboe siri," akasema, akijiegemeza kwenye kiti. "Huyu bibie alikuwa mgumu kama gogo. Tumerudia weee, jua linazama, mwenye jengo anataka jengo lake. Nikamvuta pembeni, nikamwambia nimepokea simu kutoka kwao, mama yake amefariki. Halafu nikamgeukia mpiga picha, nikamwambia washa kamera."

Ukumbi ukacheka. Wengine wakapiga makofi. Bibi yangu alifariki nikiwa sekondari, miaka mingi baada ya filamu ile, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kunisimulia habari hii.

Shangazi akanyoosha mkono, mtangazaji akampa kipaza sauti.

"Malizia," akamwambia mwongozaji. "Waambie uliniambia lini kwamba ulidanganya."

Mzee akatabasamu. "Mama, ni zamani hizo."

"Hukuniambia. Mlifungasha vyombo vyenu mkaondoka. Nilikimbia mpaka kwetu na sare ya keshia mwilini, nikamkuta mama amekaa mlangoni anachambua maharage. Nilianguka miguuni pake. Alidhani nimebakwa. Alinivua nguo kunikagua. Kesho yake nilikufuata, ukasema siku moja nitakushukuru."

Nilimwona mtangazaji akipekua karatasi zake, kama vile swali la kumwokoa lingekuwa humo.

"Mama alipokufa kweli," shangazi akaendelea, "sikuweza kulia. Nilijaribu. Watu walininong'ona pale pale msibani: kwenye sinema anajua kulia, mama yake mzazi hamlilii. Nilishamlilia, tena mbele ya kamera yako, na wewe ukaenda kuchukua tuzo yako ya mwongozaji bora. Filamu nzima unamwita yule mkurugenzi mwizi kwa sababu aliwadanganya watu akachukua chao. Wewe ulifanya nini?"

"Lakini bila kile kilio filamu isingekuwa filamu," mzee akasema. Utani ulikuwa umemtoka.

"Hukunipa nafasi tukajua. Nilikuja na wazo langu la kuigiza pale bila kulia, ukaniambia nisijifanye mwerevu."

Kisha akakigeuza kiti chake kikaelekea kwa watu. Akakaa wima, akaweka viganja juu ya meza ndogo iliyokuwa na glasi za maji. Sijui niliseme vipi jambo hili. Mwanamke ninayemwona kila siku akiwa na povu hadi viwikoni alipotea, akabaki binti mwenye adabu, nyuma ya dirisha.

"Karibu," akasema kwa upole. "Nikuhudumie nini?" Akasubiri, akaangalia mtu mwingine. "Karibu. Nikuhudumie nini?" Macho yake yalikuwa yameshajua kila kitu, ila mdomo unaendelea na kazi uliyofundishwa, maana ukinyamaza watu wale watavunja dirisha. Aliporudia kwa mara nyingine, mama mmoja mstari wa mbele alijifunika uso kwa mtandio.

Shangazi akaweka kipaza sauti mezani, akashuka. Nilimkuta nje anatafuta usafiri. Nilimwambia alikuwa mzuri sana pale juu.

"Najua," akasema. "Hicho ndicho kinachoniuma."

Wiki iliyofuata mwongozaji alimtumia ujumbe wa simu: kama ulikwazika na maneno yangu, naomba radhi. Mikono ya shangazi ilikuwa na dawa ya nywele, akaniambia nimwandikie jibu.

"Mwambie nilikwazika. Aifute hiyo 'kama', halafu aombe upya, na aombe hadharani, palepale alipowachekesha watu."

Nikaandika hivyo hivyo, nikatuma. Hajajibu. Kituo kile kimeirudia filamu tayari, na tangazo lake barabarani lina uso wa shangazi akilia, mkubwa kuliko mlango wa saluni. Kila akipita pale, anatema mate.